Timu yetu ya roboti inaburuza mkia, zimebaki raundi 2: tutupe programu yote au tukomae nayo?

fundi_waya:

Wakuu kwema? Mimi ni wa kusoma kimya kimya, leo imebidi niandike maana tunazama huku tunajiona. Tuko watano kwenye timu, tunashindanisha gari la roboti, yale madogo ya moja ya kumi ya gari la kweli, halina rimoti halina mtu ndani, unaliweka mstarini unabonyeza kitufe unarudi nyuma unakunja mikono, kukata kona, kuongeza moto, kupita wenzake, yote linaamua lenyewe. Ligi ina raundi 7, kila raundi mizunguko 20, tumeshakimbia 5. Timu ziko 12. Sisi ni wa 11, na huyo wa 12 alikosa raundi mbili nzima, piga hesabu mwenyewe.

Kinachoniuma ni kwamba mazoezini gari linakimbia kama lina reli chini. Juzi limepiga mizunguko 30 mfululizo halijagusa ukuta, tukachoka sisi kuangalia. Siku ya mbio ndo linageuka. Raundi ya 1 tuligongwa nyuma mzunguko wa 3, tukapeleka malalamiko, waamuzi wakauliza ushahidi uko wapi, hatuna, yakaishia hapo. Raundi ya 2 tulikuwa wa 4 kabisa mpaka mzunguko wa 8, likafika kwenye kona ya kushoto likachelewa kukata, likala ukuta. Tukasema ni tairi, tukabadili. Raundi ya 3 mzunguko wa 7 ukuta. Tukasema ni ramani, tukachora upya. Raundi ya 4 mzunguko wa 8 ukuta tena na safari hii fremu ya mbele ikapasuka. Raundi ya 5 usiku wa kuamkia mbio tulibadilisha vitu nane, sitanii, nane, mpaka asubuhi hamna anayekumbuka nani kagusa nini, na matokeo yake mzunguko wa 9 ukuta, yani tumepata faida ya mzunguko mmoja kwa usiku mzima wa kutolala.

Sasa timu imegawanyika. Jamaa yetu wa programu anataka tutupe tuliyonayo, ambayo ni ile rahisi tu ya kufukuza nukta iliyo mbele kwenye mstari uliochorwa, aandike mpya inayopiga hesabu ya njia nzima ya mbele kabla ya kukata stelingi. Anasema timu tatu za juu zote wanatumia hiyo. Jamaa wa chasisi anasema gari halina tatizo lolote na tuache kumgusia bolti zake. Hawaongei hao wawili tangu raundi ya 4, wanatumia mimi kama posta. Mimi ndo nahodha na kusema ukweli sijui nimsikilize nani. Raundi ya 6 ni baada ya wiki tatu.

Tubadili au tukomae?

KonaKali:

Pole nahodha. Ila mimi nimesoma post yako mara mbili na naona umeandika jibu nusu mwenyewe bila kujua. Angalia hizo namba: mzunguko wa 8, wa 7, wa 8, wa 9. Ukuta haujui kuhesabu. Kama tatizo lingekuwa ni tairi au ramani mbovu, gari lingegonga mzunguko wa kwanza, wa pili, au lingegonga ovyo ovyo leo wa 3 kesho wa 15. Lako linangoja. Kuna kitu kinajaa taratibu na kikifika shingoni gari linalewa. Ni joto, ni betri, ni memori, au ni kosa la kujua lilipo ambalo linaongezeka kidogo kidogo kila mzunguko. Hivyo vinne, anza na hivyo.

Na msiandike programu mpya kwa wiki tatu. Hiyo ya mahesabu ya mbele ni tamu kweli, mimi naitumia, ila ilinichukua miezi mitano kuifanya isinigonge, na inakula kompyuta mara kumi ya hiyo yenu. Kama kompyuta yenu ndo inayoelemewa basi mtakuwa mmemwongezea punda mzigo ili aende mbio.

Mzunguko mmoja wenu ni sekunde ngapi? Na logi zinasema nini?

jicho_la_laida:

Mimi nitamuunga mkono KonaKali nusu, nusu nampinga. Tofauti kubwa ya mazoezi na mbio ni moja tu na wote mmeiruka: siku ya mbio kuna magari mengine uwanjani!!! Laida, ile sensa ya kupima umbali, haijui kama ile ni gari au ni ukuta, inatuma mwanga unarudi, basi, inakwambia kuna kitu mita 2 mbele. Ile programu inayokadiria gari liko wapi kwenye ramani inashangaa, mbona kuna ukuta hapa na kwenye ramani haupo, inaanza kusogeza makadirio ili vitu viendane. Ikisogea sentimita 30 tu na barabara yenu ina upana wa mita 2 na ushee, kwenye kona umekwisha.

Mimi ilinitesa msimu mzima hiyo. Nilichofanya ni kutupa miale yote ambayo iko karibu sana kuliko ramani inavyosema, yani kama ramani inasema ukuta uko mita 6 na laida inasema 2, hiyo naichukulia ni adui sio ukuta, siitumii kujitafutia nilipo. Jaribuni mazoezini mtu ashike boksi la kadibodi atembee nalo pembeni ya njia, mtaona wenyewe gari linavyochanganyikiwa.

Alafu hiyo ya kuhesabu mizunguko, mzunguko wa 7 hadi 9 ndo muda ambao wanaoongoza wanaanza kuwafikia wa nyuma na kuwapita, kwa hiyo msongamano unaongezeka. Inaendana pia na nadharia yangu, sio?

betri_moto:

Pima volti. Seli moja ikijaa ni 4.2, mkiwa na seli tatu ni 12.6, sawa, ila mota ikivuta kwa nguvu kutoka kwenye kona volti inazama ghafla, alafu inarudi. Ikizama sana kompyuta inajizima au inajipunguza bila kukuaga. Betri iliyozeeka mkiwa mmekaa mezani inasoma vizuri kabisa, ikibanwa ndo inaonyesha rangi yake. Mna betri ngapi na zina umri gani?

Betri sio ya kudharau jamani, ile nusu marathoni ya roboti za miguu miwili Beijing Aprili 2025, mshindi Tiangong Ultra alitumia saa 2 na dakika 40 na alibadilishwa betri mara tatu njiani. Mshindi huyo.

sina_presha:

Fungeni rimoti muendeshe wenyewe, yaishe.

BabuSakiti:

sina_presha usituharibie uzi, wewe kila uzi unakuja na sentensi moja.

fundi_waya mwanangu, mimi sitakupa ushauri wa nyaya maana hao vijana hapo juu wanajua kuliko mimi, nitakupa historia kidogo ili usijione umelogwa. Mwaka 2004 DARPA, shirika la utafiti la jeshi la Marekani, iliandaa mbio za magari yasiyo na dereva jangwa la Mojave, zawadi dola milioni 1, njia ya kilomita kama 228. Magari 15 yakaanza. Hakuna hata moja lililomaliza. Lililofika mbali kuliko yote, Sandstorm la chuo kikuu cha Carnegie Mellon, lilienda kama kilomita 12 likanasa kwenye kona, tairi zinazunguka hewani. Kilomita 12 kati ya 228 na wewe unalalamika umemaliza mizunguko 8 kati ya 20. Mwaka uliofuata, Oktoba 2005, yakamaliza matano. Mwaka mmoja na nusu tu umepita.

Ila hadithi ninayoipenda ni ya hiyo hiyo 2005. Carnegie Mellon walikuwa na gari la pili, H1ghlander, ndo lilikuwa linapewa nafasi kubwa, na kweli likaongoza, alafu katikati ya njia injini ikaanza kukosa nguvu, milima linapanda kwa kujivuta, Stanley la Stanford likalipita likachukua dola milioni 2. Watu wakakuna vichwa miaka na miaka, kwanini injini ilichoka. Wameijua sababu 2017! Miaka 12 baadae gari lipo maonyesho ya kumbukumbu, wanalichokonoa, wakakuta kichujio kimoja cha umeme kati ya kompyuta ya injini na sindano za mafuta kimeharibika, ukikibonyeza injini inakosa nguvu. Na gari hilo lilipinduka kwenye majaribio wiki chache kabla ya mbio. Sasa fikiria waandishi wa programu walivyolaumiana miaka yote hiyo kwa kichujio.

Au ile ya Roborace, mashindano ya magari yasiyo na dereva, pale Thruxton, Uingereza, Oktoba 2020, labda mmeiona video. Gari la umeme la kweli, kubwa, limesimama mstarini, taa zinawaka, linaondoka, linakata kulia moja kwa moja kwenye ukuta. Hata mita mia halijaenda. Maelezo waliyotoa baadae ni kwamba kwenye mzunguko wa maandalizi namba moja ya stelingi iligeuka kuwa "sio namba", ile thamani ya ajabu ambayo kompyuta inaweka ikishindwa hesabu, na stelingi ikajifunga kulia mpaka mwisho. Algorithimu yote ya mashindano imelala ndani haijapata hata nafasi ya kufanya kazi.

Kwa hiyo kabla hamjaitupa programu, hakikisheni ni yenyewe iliyokosea. Waambie na hao wawili waongee.

fundi_waya:

Aisee asanteni wote, sikutegemea. Najibu kwa mkupuo.

KonaKali: mzunguko mmoja ni sekunde 10 hivi, njia ina kama mita 50. Kwa hiyo tunagonga baada ya sekunde 70 hadi 90. Sikuwahi kuiona kwa sekunde.

Joto: tumepima, kompyuta inafika nyuzi 68 kwenye mazoezi ya mizunguko 30 na haijipunguzi, feni inazunguka. Siku ya mbio hatujapima.

betri_moto: tunazo nne, mbili mpya. Raundi ya 4 na ya 5 tulitumia mpya. Volti kwenye logi ya raundi ya 5 haijashuka chini ya 11.

jicho_la_laida: leo jioni tumefanya hiyo ya boksi. Ni kweli kabisa makadirio yanayumba, tumeona kwenye skrini gari linajiona limehama kama sentimita 15, alafu boksi likiondoka linarudi. Halikugonga lakini. Tumeweka hiyo ya kutupa miale ya karibu kwa sababu hata kama sio tatizo lenyewe ni tatizo, nimeiandika kwenye daftari, badiliko moja tarehe na saa. Nimeanzisha daftari baada ya ile ya vitu nane.

Logi: tunazo za kila mbio kuanzia raundi ya 2. Nilivyoziangalia usiku huu sijaelewa kitu kimoja, zina mapengo. Yani laida yetu inatoa picha mara 40 kwa sekunde, kila milisekunde 25, na mwanzoni mwa logi ni hivyo hivyo safi. Ila kuelekea mwishoni kuna sehemu hazina kitu kabisa, milisekunde 150, 200, alafu zinamwagika kadhaa kwa pamoja. Jamaa wa programu anasema ni laida inakufa, ndo sababu nyingine ya kubadilisha kila kitu. Laida mpya hatuna uwezo nayo.

BabuSakiti: nimewasomea hiyo ya kichujio, jamaa wa chasisi kacheka mpaka kakaa chini. Huyu mwingine hajacheka.

Dada_Torki:

Samahani naingia katikati. Kaka fundi_waya, hiyo ya mapengo ndo habari yenyewe, hizo nyingine weka pembeni kwanza.

Piga hesabu hii. Gari lako linakimbia mita 50 kwa sekunde 10, ni mita 5 kwa sekunde kwa wastani, kwenye mstari mnyoofu kabla ya kona ya kushoto labda ni 6 na zaidi. Kwa milisekunde 25 linasogea sentimita 15, hiyo ni sawa, programu yenu ya kufukuza nukta inavumilia. Kwa milisekunde 200 linasogea mita 1 na sentimita 20 likiwa halioni kitu, linashikilia amri ya mwisho ya stelingi, ambayo ilikuwa "nyooka". Upande wa kushoto kona inaanza, gari linanyooka. Ndo huko kuchelewa kukata unakosema. Sio kwamba limeamua vibaya, limeamua sahihi kwa picha ya zamani. Huwezi kulitibu hilo kwa programu ya akili zaidi, utakuwa na dereva hodari aliyefumba macho.

Sasa swali, na usinijibu haraka haraka, kaeni wote watano muandike: ni kitu gani KINAWASHWA siku ya mbio ambacho mazoezini hakiwashwi? Namaanisha kila kitu, programu, waya, simu inayoangalia skrini, kamera, mtandao, kila kitu. Sio mnachodhani, mnachobonyeza. Mtu mmoja asimame abonyeze kama siku ya mbio mwingine aandike.

Nauliza hivyo kwa sababu umesema logi mnazo "za kila mbio kuanzia raundi ya 2". Za mazoezi je, mnazo?

KonaKali:

Dada_Torki 😂😂 nimeshaona unapoelekea. Nakaa hapa nasubiri.

jicho_la_laida:

Mi bado nasema magari ya wenzao yanachangia lakini haya, nasikiliza

fundi_waya:

Wakuu.

Naandika saa nane usiku mikono inatetemeka, sijui nicheke au nilie.

Tumefanya kama dada alivyosema. Mimi nimesimama nikabonyeza, jamaa wa chasisi kaandika. Kitu cha sita kwenye orodha: kuwasha kurekodi. Mazoezini haturekodi, hatujawahi, tunaangalia tu kwa macho. Raundi ya 1 pia hatukurekodi. Tulianza raundi ya 2, kwa sababu ya yale malalamiko, ili tukigongwa tena tuwe na ushahidi kwa waamuzi. Na tulikuwa tunarekodi KILA KITU, laida, stelingi, volti, na picha za kamera ya mbele, rangi na ya kina, ile inayopima umbali, picha nzima nzima bila kuzibana, mara 30 kwa sekunde. Kwenye memori kadi. Memori kadi ile iliyokuja na kompyuta.

Tukaenda uwanja wa mazoezi usiku huo huo. Bila kurekodi, mizunguko 20 safi. Tukawasha kurekodi, hamna gari lingine uwanjani, hamna boksi, hamna kitu. Mzunguko wa 8. Kona ya kushoto. Ukuta.

Tulipiga kelele kama tumeshinda ubingwa. Gari limepasuka bampa na sisi tunakumbatiana.

Alafu nikakumbuka aliyesema turekodi kila kitu ni mimi. Sio jamaa wa programu, sio wa chasisi. Mimi, baada ya raundi ya 1, nilikuja juu nikasema kuanzia leo hatukimbii bila ushahidi. Jamaa wa chasisi miezi miwili anasema gari halina kitu na mimi namwambia akaze bolti.

Dada sijui nikuitaje, asante. Ila nielezee kitu kimoja, kwanini lisigonge mzunguko wa kwanza? Kama kadi ni ya polepole si iwe polepole kuanzia mwanzo?

Dada_Torki:

Hongereni jamani, mmenifurahisha.

Ni hivi. Kompyuta haiandiki kwenye kadi moja kwa moja, inaweka kwanza kwenye memori yake ya kazi alafu inashusha kwenye kadi polepole huku mambo mengine yanaendelea. Kama ndoo yenye tundu. Picha moja ya rangi ya 640 kwa 480 ni karibu megabaiti 1, mara 30 ni kama 27 kwa sekunde, na ile ya kina ni 18 hivi, jumla 45. Kadi ya namna hiyo labda inameza 20 kwa sekunde siku ikiwa na hali nzuri. Kwa hiyo kila sekunde megabaiti 25 zinabaki kwenye ndoo. Baada ya sekunde 80 zimejaa megabaiti 2,000. Hapo kompyuta inasema basi, hakuna anayeandika mpaka nishushe kwanza, na kila mtu aliyepo kwenye foleni anasimama, pamoja na yule anayesoma laida yenu kama mmewaweka chumba kimoja. Ndoo ikipungua kidogo wanaruhusiwa wote kwa pamoja, ndo hizo zinazomwagika kadhaa mara moja. Kwa hiyo laida yenu ni nzima kabisa.

Raundi ya 5 mlifika mzunguko wa 9, nakisia kati ya vile vitu nane mlivyobadilisha kimoja kilikuwa kufuta mafaili ya zamani kwenye kadi au kupunguza kitu kwenye kamera.

Msiache kurekodi lakini! Rekodini laida, stelingi, mota, volti na makadirio ya gari lilipo, hivyo vyote kwa pamoja havifiki hata megabaiti 1 kwa sekunde. Kamera zimeni kabisa kama programu yenu haiitumii, na nadhani haiitumii. Kwa ushahidi wa kugongwa laida inatosha, anaonekana vizuri tu anavyokuja nyuma kama inaona pembe hiyo, au mtu mmoja ashike simu pembeni ya uwanja arekodi video kama binadamu wa kawaida.

Na mazoezini rekodini hivyo hivyo kama siku ya mbio, sawa sawa, kitufe kwa kitufe.

BabuSakiti:

Kichujio! Nilisema mimi. (Sikusema, lakini nilikaribia.)

Mnanikumbusha ile ya Suzuka, Japani, Novemba 2024, gari la A2RL, ligi ya Abu Dhabi ya magari yasiyo na dereva, lilipaswa kukimbizana na Daniil Kvyat, dereva aliyewahi kuendesha Formula 1, watu wamejaa jukwaani, gari linatoka kwenda kupasha moto tairi kabla ya mbio, likazunguka lenyewe likagonga. Tairi za baridi. Mbio hazikufanyika. Magari ya kasi ile yanayojua kukadiria mambo mengi kwa wakati mmoja na kilichowatoa ni tairi kutopata joto.

betri_moto:

Mimi nimekosea ila bado mbadilishe zile betri mbili za zamani.

sina_presha:

Kwahiyo roboti limefeli kwa sababu lilikuwa linajipiga picha 😂 hongera nahodha

KonaKali:

Hii ya sina_presha naipa nyota tano, nimeicheka kweli.

fundi_waya usiguse kitu kingine mpaka raundi ya 6. Najua mtu wako wa programu atakuja na "kwa kuwa tuna wiki mbili na nusu". Kataa. Kimbia na hicho hicho, spidi hiyo hiyo, ujue mlivyo kweli ni wa ngapi, maana mpaka sahivi hamjui, hamjawahi kumaliza mbio.

fundi_waya:

Narudisha mrejesho kama nilivyoahidi, raundi ya 6 ilikuwa jana.

Hatukugusa kitu, isipokuwa ile ya kutupa miale ya karibu ambayo tulikuwa tumeshaiweka, na kurekodi kumepunguzwa, na kamera tumeichomoa kabisa na waya wake, jamaa wa chasisi kafurahi gari limepungua uzito. Mazoezi yote ya wiki mbili tumefanya kwa orodha ile ile ya siku ya mbio, tumeipiga chapa tukaibandika juu ya boksi la gari.

Mizunguko saba ya kwanza tulikuwa wa 5. Mzunguko wa 8 ulipoanza watano sote tukasogea kwenye kamba bila kuambizana. Kona ya kushoto likakata. Mzunguko wa 9 likakata. Wa 10 likakata, jamaa wa programu kanishika bega kanibana mpaka leo panauma. Mzunguko wa 13 gari lililokuwa mbele yetu liligeuka katikati ya njia likasimama, letu likapunguza, likapita pembeni, pembamba kweli, sijui kama lilikuwa na sentimita 10 za kubaki, na hapo ndo nikamshukuru jicho_la_laida kwa sauti maana bila ile ya miale nadhani lingejiona limehama likaenda kumbusu.

Tumemaliza mizunguko yote 20. Tumekuwa wa 6. Mzunguko wa 15 na kuendelea tulikuwa tunapoteza muda kidogo kidogo, kama nusu sekunde kila mzunguko, na nilipoangalia logi (hazina pengo hata moja wakuu, nimeziangalia kama picha za harusi) inaonekana tairi za nyuma zinateleza zikitoka kwenye kona, mota inazunguka zaidi ya gari linavyosogea. Sakafu ilikuwa na vumbi. Timu iliyoshinda walikuwa wanafuta tairi kwa kitambaa chenye unyevu kabla ya kuliweka mstarini, sisi tulikuwa tunawaangalia tunawacheka, tunasema wanaogesha gari.

Jamaa wa programu anaandika ile yake ya mahesabu ya mbele, ila kwa ajili ya msimu ujao, na ameanza kwa kumuuliza wa chasisi tairi zinashika kiasi gani. Nilivyowaacha walikuwa sakafuni wanalivuta gari kwa mizani ya kamba na kubishana.

Raundi ya 7 ni Jumamosi. KonaKali, kufuta tairi inahesabika kama kugusa kitu?

KonaKali:

Futa. Andika kwenye daftari.